Mjane wa Mshono Mwekundu

Jambo hili lingali linanitia haya. Jumba moja la makumbusho hapa Johannesburg liliniahidi kazi ya kuandika maelezo ya vitu vyake, mradi wageni wapende nitakachosoma juu ya kipande cha kitambaa cha Wakopti, Wakristo wa Misri ya kale. Nilikitazama siku mbili. Sungura aliyefumwa katikati sikumjali. Nilipenda mshono mwekundu ukingoni, uliopinda kama mkono uliochoka.

Jumamosi nikasoma. Nilimuumba mshonaji mjane, mpweke, machozi yakilowesha uzi wake karne na karne zilizopita. Mama mmoja akajifuta macho, nami nikajiona nimeshaajiriwa.

Ndipo Mama Furaha akanyoosha mkono. Ni fundi Mkongo wa mtaa wa Hillbrow, anayelishonea jumba lile vitambaa vikuukuu juu ya vipya ili visichanike.

"Papa, ile uzi ni yangu. Nilishona Jumanne."

"Labda ni uzi mwingine, Mama," nikasema.

Akatoa mkobani uzi uleule.

"Kuchoka, kweli nilichoka. Lakini bwana yangu ni mzima, yule pale."

Mlangoni, mzee mmoja mwenye kofia akanipungia mkono.