Simba na Farasi wa Pembe Moja

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuzeeka na akili ya kukumbuka bila chuki. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Asubuhi ile mume wangu, Hamisi, alikuwa uani akipiga chapa magunia ya mahindi. Kijijini kwetu, upande wa Msowero, mazao ya wengi yalilazwa ghala moja, kwa hiyo kila mkulima alikuwa na alama yake. Wengine waliandika herufi, wengine walichora jembe. Hamisi alikuwa na bati lililotobolewa, alilorithi kwa baba yake, aliyeletwa kutoka mbali kukata mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba, na baadaye akawekwa kwenye ghala la marobota. Alililaza bati juu ya gunia, akapitisha brashi yenye masizi na mafuta, akaliinua. Pakabaki taji na ngao katikati, simba upande mmoja, na upande wa pili farasi mwenye pembe moja kwenye paji, mnyororo shingoni.

Saitoti, mfugaji rafiki yetu, alikuwa ameleta mbuzi jike ili abadilishane na gunia moja.

"Huyu ni mnyama gani?" aliuliza, akimwonyesha yule wa pembe.

"Simba ni wa Waingereza, farasi ni wa Waskoti. Msimamizi wa baba alikuwa Mskoti. Alisema walipigana miaka mingi, mwisho wakawa chini ya mfalme mmoja, na wanyama wao wakashika ngao moja."

"Mbona farasi kafungwa na simba kaachwa?"

"Hilo ndilo lililokuwa likimkasirisha Mskoti."

Saitoti alicheka hadi akaegemea fimbo yake. Akaondoka na gunia lake.

Haukupita muda mrefu ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa mtu. Mwenye shamba alichomwa mkuki. Boma moja likateketezwa kulipiza, na baada ya hapo hapakuwa tena na jirani. Wanawake waliotuletea maziwa walitoweka. Simu zilileta habari za mauaji ambayo hakuna aliyeyaona. Watu waliangalia nani anamsalimia nani.

Kisha nyumba za upande wetu zikachomwa, yetu ikabaki. Nilimshukuru Mungu. Nilipotoka nje niliwakuta watu wamesimama njiani, wanalitazama paa letu, hakuna aliyenipa pole wala hongera.

Vijana wa ulinzi waliingia kwenye boma la Saitoti, ambalo watu wake walikuwa wamelikimbia wakavuka mto. Humo wakakuta gunia.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Kiongozi wao, Shabani, alikuwa amejifunza Kurani kwenye mkeka wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alilitandaza gunia chini. "Mzee Hamisi, alama hii ya nani?"

"Yangu."

"Tumeikuta kwa adui. Na nyumba yako haijaguswa."

"Nilimpa Saitoti kabla ya ugomvi. Alinipa mbuzi, yule pale."

"Basi mbuzi ndiye shahidi," mmoja akasema, wakacheka.

Mwingine aliinama akaitazama alama. Sote tulijua kuwa wafugaji huwachoma ng'ombe wao chapa, kila ukoo na yake. "Huyu si farasi," alisema. "Farasi ana pembe? Hili ni dume lao. Na simba ni yule wanayejisifu kumuua. Hii ni chapa ya mapatano. Wakiiona, wanapita."

"Ni nembo ya Waingereza," Hamisi alisema.

"Waingereza walishaondoka. Wewe unamtunzia nani, mwana wa manamba?"

Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemwita hivyo mbele yangu.

Niliingia ndani nikatoka na Msahafu, ili mume wangu aape. Shabani aliutazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Kiapo ni cha Mungu, mama. Sisi tunataka kuona kwa macho. Kesho tunawafuata wafugaji ng'ambo, na mzee atatutangulia mtoni."

Hamisi alikubali. Aliniambia, "Nikikataa, nitakuwa nimewajibu."

Asubuhi walivuka. Yeye mbele, na rungu la kuazima.

Nilisikia filimbi.

Kisha kelele.

Kisha hakuna kitu.

Walimrudisha kwenye machela ya miti. Kaka yangu ndiye aliyemwosha. Alipotoka alikaa karibu nami, akasema, "Jeraha liko mgongoni."

Labda Hamisi aligeuka akimbie. Labda wafugaji walikuwa wamezunguka nyuma. Watu wote waliokuwa nyuma yake niliwajua kwa majina. Shabani alibeba jeneza akilia, nami nilimtazama machozi yake nisijue ni ya nini. Kikao cha suluhu kilipofanyika, Saitoti alikuja kunipa mkono wa rambirambi. Niliupokea. Hata yeye nilimtazama mikono.

Sasa naishi Mikumi kwa binti yangu, salama, nashiba, namshukuru Mungu. Sikuuliza, wala hakuna aliyekuja kuniambia. Kila baada ya sala nawaombea wote waliokuwa mtoni siku ile, wa kule na wa huku, bila kumtaja mtu, maana sijui nimtaje nani.

Nawe unayesoma, Mungu akuhifadhi wewe na walio nyumbani mwako, akupe majirani watakaokuuliza kabla hawajakuhukumu, na moyo wa kuwafanyia wao vivyo hivyo. Amina.