Walipoamua Mlezi wa Maneno Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya kompyuta ya sekondari moja Butiama, Mkuu wa Shule alinipokea hivi: "Mwalimu, mashine ni za msaada na programu zake ni za bure. Zikigoma, usije kunililia." Sikumlilia. Programu zile hutengenezwa na watu wa kujitolea, na kila kipande, tunakiita kifurushi, kina mlezi wake: anapokea malalamiko, anarekebisha, anatoa toleo jipya. Kifurushi cha kukagua tahajia ya Kiswahili hakikuwa na mlezi. Nikakiomba, nikapewa.

Nikahamishiwa halmashauri Bunda, kisha Musoma, na kote nilikilea baada ya saa za kazi. Humo niliingiza maneno yetu ya Kanda ya Ziwa, yenye -ga ya mazoea mwishoni: nilikuwaga, tunaendaga, anasemaga. Kwa nini mtoto wa kijijini Murangi amwandikie mama yake halafu mashine imchoree mstari mwekundu, kana kwamba kakosea kuzaliwa?

Basi akatokea kijana mmoja wa Dar es Salaam, msomi wa lugha, akataka apewe kifurushi changu. Alikuwa mchapakazi, sikatai. Lakini alitaka kuanza kwa kufuta -ga zote! Nikagoma. Tukapelekwa kwa kamati ya ufundi, inayoamua walezi wakigombana, tukakutana kwa video.

"Shikamoo mama," kijana akaanza. "Tunakuheshimu, ila hayo ni makosa."

"Marahaba. Makosa ya nani? Bunda nzima inakosea kutwa?"

"Mama, siyo Kiswahili sanifu," Mwenyekiti wa Kamati akasema.

"Sanifu ni ya mtihani, Mwenyekiti. Mimi nalea kifurushi cha watu wanaoongea."

Wakampa yeye. Niliumia jamani, nisiwadanganye. Nililia jikoni mpaka sato akaungulia kikaangoni. Halafu nikanawa uso. Leseni ya programu hizi inamruhusu yeyote kunakili na kuendeleza chake kwa jina jingine. Nikanakili, nikakiita Nilikuwaga, nikakiweka hadharani. Ruhusa? Ya nani?

Sasa nimestaafu ajira, kulea bado nalea. Nyie vijana mkiambiwa kamati imeshaamua, ulizeni imeamua nini hasa.

Majuzi kijana yule kaniandikia. Watumiaji wake wa Kanda ya Ziwa wamehamia kwangu, anaomba tuunganishe vifurushi, mlezi niwe mimi, yeye anisaidie. Nimemjibu: "Karibu, mwanangu, kazi ipo. Ila ukigusa -ga, tutakuwa tunagombanaga kila siku."