Aya Niliyomkatia Daktari Igoki

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Manyatta, Embu, Mkurugenzi alinikabidhi kalamu nyekundu na muswada wa kurasa arobaini. "Mwalimu," akasema, kwa kuwa nilikuwa nimetoka darasani kufundisha Kiingereza, "hawa watafiti wetu wanajua kazi, lakini kuandika ni shida. Wewe nyoosha tu." Nikanyoosha miaka na miaka, nikajiona bingwa.

Nilipohamishiwa Meru, bosi wangu alikuwa Mtafiti Mkuu, Mwingereza. Nilidhani lugha ikiwa ya mama basi kalamu yangu itapumzika. Wacha! Sentensi zake zilipotea njiani, na muswada mmoja nilimrudishia mara tatu. Alicheka, akakiri kwamba uandishi wa utafiti yeye pia alifundishwa kwa taabu. Ila matokeo aliyatanguliza katika ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, tena kwa uangalifu: "huenda", "inaelekea". Watu wetu walianzia mbali, kwenye shamba, mvua na fulani alisema nini, kisha mwishoni wakatangaza kwamba imethibitishwa. Nikarudi Embu na dawa moja tu: kata mwanzo.

Ndipo akaja Daktari Igoki, mzaliwa wa Siakago. Mkataba wake ungeongezwa tu iwapo jarida lingekubali makala yake kuhusu jivu la mavi ya ng'ombe linavyokinga ndengu na wadudu ghalani. Alikuwa ameanza na aya nzima juu ya cucu, nyanya yake, aliyemfundisha mbinu hiyo. Nikaifuta yote. Niliona aibu kwa niaba yake.

Wahakiki, wale wataalamu wanaoupima muswada kabla haujachapishwa, hawakulalamikia Kiingereza hata kidogo. Waliuliza: kwa nini jivu hilo na si lingine? Wazo lilitoka wapi?

"Mwalimu, ile paragraph ya cucu iko wapi?" Igoki akaniuliza.

"Niliitoa, Daktari."

"Uliitoa? Na hiyo ndio ilikuwa ushahidi yangu! Si ungeniuliza tu?"

Nilimwomba radhi, nikairudisha aya, na wiki hiyohiyo tukaenda Siakago. Igoki alimsomea cucu muswada wote kwa Kimbeere, matokeo yakitangulia na zile "huenda" zikiwa mahali pake. Cucu alisikiliza mpaka mwisho.

"Jivu mlichunga kwa chekeche?" akauliza.

"Tulichunga, cucu. Lakini hatukuandika."

"Sasa yule atasoma hiyo si ataharibu ndengu yake?"

Igoki aliongeza sentensi ya kuchunga jivu palepale. Makala ilikubaliwa, akabaki kazini, nami nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu barua ya wahakiki ifike.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea miswada ambayo kompyuta imekwisha kuinyoosha, Kiingereza chake safi kuliko cha yule Mwingereza. Huwauliza kama mtu aliyewafundisha jambo lile shambani amesomewa walichoandika. Wengi hukiri kwamba bado. Basi huwarudishia muswada bila kuugusa, nikawapa nauli ya kwenda kwake.