Mchicha Upo?

Hana hakuwahi kuwa na bustani yake. Kwao Mwese alilima shamba la baba yake. Alipoolewa na Manyanda aliishi nyuma ya ng'ombe, akihama kabla hata boga halijatambaa. Mwaka huu walijenga Misunkumilo, na nyuma ya jiko pakabaki kipande cha kutosha tuta moja. Tuta moja, mboga moja. Alitaka apande, avune, akae mbele ya nyumba na beseni lake awaite watu waje kununua. Na mboga anayoitaka aliijua. Shida ni kwamba hakuweza kuitaja.

Baba mkwe wake, anayeishi nao tangu alipofiwa na mkewe, anaitwa Mchicha. Alizaliwa mwaka wa njaa, mama yake akila mboga hiyo tu, na jina likabaki. Katika ukoo ule mke hatamki jina la baba mkwe. Kulitamka ni kama kumvua mzee nguo barabarani.

Akaenda kwa Nasma, muuza duka.

"Shoga, nipe mbegu za ile ya majani."

"Ipi? Zote zina majani."

"Ile inayoitwa kama baba mkwe wangu."

"Anaitwaje?"

"Si ndiyo siwezi kusema!"

Nasma akaegemea kaunta. "Kabichi?"

"Hapana."

"Bamia?"

"Mzee mzima aitwe Bamia!"

"Sasa nitajuaje? Chukua spinachi. Ukoo wenu nyie hamna Spinachi."

Hana alirudi na spinachi, akaliangalia tuta kama mtu aliyeozwa asikotaka.

"Panda hiyo hiyo unayoitaka," Manyanda akamwambia jikoni. "Wateja waambie ni majani."

"Nikinadi majani, baba Pudensiana, polisi watafika kabla ya wateja."

Ukuta wa jiko ni wa matete, na mzee alikuwa amekaa upande wa pili. Asubuhi alishika fimbo yake ya kuchungia akaenda dukani.

"Nataka mbegu zangu."

"Zako zipi, mzee?"

"Za Mchicha."

Nasma alimtazama, akaelewa, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi.

Mboga ilipokomaa, Hana alikaa nyuma ya beseni amefunga mdomo. Mzee alisimama kando yake akinadi: "Mchicha! Mchicha laini huu!"

Wanawake wa mtaa walizoea upesi.

"Mchicha upo?"

"Nipo!"

"Mbona leo umenyauka?"

"Jua, mama. Na miaka."

Hana aliinamia beseni kuficha kicheko, lakini alimwona mzee amejinyoosha kuliko alivyokuwa. Nyumbani ni baba, ni babu. Wenzake wa rika waliokuwa wakimwita kwa jina wamebaki kule kwao Sibwesa, wengi wao chini ya udongo. Sasa jina lake lilitoka kila mlango, kwa sauti za watu wenye njaa.

Siku moja beseni likaisha mapema. Hana alikuwa ameshalikung'uta alipopita mwanamke na mtoto mgongoni.

"Mchicha umeisha?"

Mzee aliliangalia beseni tupu, mkono juu ya fimbo.

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado kidogo."

Hana akachukua beseni, akakimbilia nyuma ya jiko kuchuma mwingine.