Jibu la Waziri

Mbunge wetu alikuwa mkulima kama sisi, na ndovu wa Tsavo walikanyaga mbaazi zake na zetu bila kubagua. Miaka hiyo ya sabini alituahidi kwamba angeuliza swali bungeni. Siku ilipofika, majirani walikuja kwetu, karibu na Mtito Andei, tukaketi uani kuisikiliza redio ya baba.

Mtangazaji alisoma swali la mbunge wetu, kisha jibu la waziri: kulingana na ramani ya serikali, sehemu hiyo haikaliwi na watu.

Mama alianza kutuhesabu watoto kwa kidole, akamaliza, akarudia. Jirani mmoja alichelewa kufika, na mbwa wetu, aliyembwekea kila siku, hakuinua hata kichwa. Mimi nilitaka kuivunja hiyo redio, lakini nilijikuta nikijifinya mkono.

Jumamosi mbunge alikuja akitoka shambani kwake. Alitusalimia mmoja mmoja, na kila mkono aliushika kwa muda mrefu. Nyanya, ambaye alikuwa haoni tena, alikataa kuuachilia mkono wa mbunge.

"Mwanangu," akamwuliza, "kwani tuko?"

Mbunge alitazama kwanza nyayo zetu vumbini, ndipo akamjibu.