Mkoa Ulivyomnyang'anya Janice Ormerod Kibao Chake

Saa mbili na nusu asubuhi, mvua nyembamba ya Novemba inainyeshea Barabara ya Kinu, na Janice Ormerod anaingia katikati ya barabara bila haraka. Mkono wa kulia ameshika mti mrefu wenye kibao cha duara kilichoandikwa SIMAMA. Wa kushoto ameunyoosha mbele ya lori la kokoto. Breki zinalia, lori linasimama, na kundi la watoto linavuka na mikoba mgongoni.

"Leo ndiyo mwisho, mama?" dereva anauliza, kioo amekishusha nusu.

"Ndiyo mwisho."

"Basi utaipumzisha hiyo miguu."

"Miguu yangu imekulalamikia lini wewe? Kaa hapohapo, kuna mmoja kamba za kiatu zimefunguka."

Janice ana miaka sitini na nne. Kwa miaka kumi na tisa amewavusha watoto wa shule ya msingi ya Thornclough, mji wetu mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, asubuhi na alasiri. Watoto hukiita kile kibao pipi ya kijiti, kwa umbo lake, na yeye humwita Bi Jan. Leo Ijumaa, shule ikishatoka, atakuja mtu kutoka Carrowby, yaliko makao ya Mkoa, kukichukua. Kuanzia Jumatatu hapatakuwa na mtu wa kuyasimamisha malori haya.

Niseme mapema kwamba makala haya yameandikwa kwa hasira. Nimeishi mji huu muda mrefu, wanangu wawili wamevushwa na mama huyu, na nilijaribu kuandika kwa utulivu nikashindwa.

Sheria yetu haina mafumbo. Mwenye kibao, aliyeidhinishwa na wakubwa wa barabara, akikiinua, kila gari lazima lisimame. Asiye nacho ni mpita njia tu, anasubiri gari zipungue kama watu wengine. Na Barabara ya Kinu haina taa wala alama za kuvukia. Ina mteremko, kona, na machimbo ya kokoto juu yake.

Kifundo cha mkono wa kushoto wa Janice kina chuma ndani. Miaka sita iliyopita gari dogo la mizigo lilikataa kusimama, likampiga mkono na kukivunja kibao. Mtoto aliyekuwa nyuma yake hakuguswa. Mfupa ulipounga tu, Janice akarudi kazini, kazi ambayo malipo yake hayafiki paundi mia tano kwa mwezi.

"Ningekaa nyumbani nifanye nini?" anasema. "Nimtazame Derek anavyokoroma kwenye kiti?" Derek ni mume wake.

Sasa tufike kwenye upuuzi wenyewe.

Miaka miwili iliyopita tuliambiwa madaraka yanatoka London yanakuja kwetu kaskazini. Ugatuzi. Waliuandika hadi ubavuni mwa mabasi: Maamuzi Karibu Nawe. Halmashauri yetu ya zamani, iliyokuwa na ofisi ghorofani juu ya soko, ikavunjwa. Ikaundwa halmashauri mpya ya eneo, kubwa mara nne, na juu yake ukawekwa Mkoa wa Askendale, wenye Meya wake na bodi yake. Bodi inakaa Carrowby, mabasi mawili kutoka hapa, kama la pili halikufutwa.

"Karibu na nani?" Janice anauliza. "Zamani nikiwa na shida napanda ngazi pale sokoni, namkuta Maggie karani anakula mkate wake wa jibini, namwambia, ananyanyua simu. London ilikuwa mbali, sikatai. Lakini Maggie alikuwa hapa."

Mkoa uliamua kuvikagua vivuko vyote vya shule. Chenye watoto wa kutosha kibaki na mlinzi, kisicho na watoto kiondolewe. Si wazo baya. Kwetu alitumwa mtu na kiti cha kukunja, akakaa Barabara ya Kinu wiki nzima, ya pili ya Septemba, shule zikiwa zimeshafunguliwa mkoa mzima. Akahesabu watoto waliovuka. Hakuvuka hata mmoja.

Mtu yeyote wa Thornclough akisikia hivyo anajishika kichwa. Wiki ya pili ya Septemba ni wiki ya vinu. Enzi za pamba, vinu vyote vya mji, yaani viwanda vya kusokota nyuzi, vilifungwa wiki moja kila mwaka ili boila za mvuke zisafishwe, na mji mzima ukapanda treni kwenda pwani. Kila mji wa bonde hili ulikuwa na wiki yake. Vinu vya pamba vilikufa kabla mimi sijafika, lakini Thornclough haijawahi kuiacha wiki hiyo. Shule inafungwa, machimbo yanafungwa, hata mwokaji mikate anafunga. Ukibaki mjini watu wanadhani unaumwa.

Kwa hiyo hakukuwa na mtoto wala lori. Na hakukuwa na mtu wa kumwambia yule bwana akunje kiti chake aende zake, kwa sababu sote hatukuwepo.

"Sisi tuko pwani tunakula chipsi kwenye upepo, jamaa yuko hapa anatuhesabu," anasema Clifford Sagar. Bwana Sagar ni muuza nyama, na pia ni mwenyekiti wa halmashauri ya mji, ile ndogo kabisa tuliyobakishiwa. "Nilipopata habari nilicheka. Nilisema hili litanyooshwa kwa simu moja."

Halikunyooshwa. Na kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba hakuna aliyebisha kuwa hesabu ilikosewa. Nilimpigia Julian Peverell, mkuu wa usalama barabarani wa Mkoa, nikajiandaa kwa mabishano. Akanikubalia kwa upole kabisa.

"Tunakiri kwamba muda wa zoezi haukuwa mwafaka," alisema.

"Basi mtamwacha Janice kazini?"

"Uamuzi umeshapitishwa na bodi. Utaangaliwa tena kwenye mapitio ya mwaka ujao."

"Nani anaweza kuubadilisha kabla ya hapo?"

"Bodi, ikiletewa pendekezo na halmashauri ya eneo."

Halmashauri ya eneo ikanijibu kwamba barabara ni ya Mkoa, wao hawawezi kupendekeza lisilowahusu. Nikaenda ofisi ya Meya. Msemaji wake akasema Meya hapendi kuingilia mambo madogo ya mahali, maana hiyo ndiyo roho ya ugatuzi. Rudia kuisoma sentensi hiyo, msomaji. Mimi kila nikiirudia damu inanichemka.

Bwana Sagar na wenzake wakasema basi, mji utamlipa Janice kwa fedha zake wenyewe. Wakapiga kura, wote wakaafiki. Jibu likaja kutoka Carrowby: halmashauri ya mji haina uwezo kisheria wa kumwidhinisha mtu kusimamisha magari.

"Tunaruhusiwa maua na mabenchi," Bwana Sagar anasema, huku akikata nyama kwa nguvu kuliko inavyohitaji. "Mimi ndiye mkubwa wa mabenchi yote ya Thornclough. Karibu ukae."

Mwezi uliopita Janice alikwenda mwenyewe kwenye kikao cha bodi. Mwananchi hupewa dakika tatu. Alivaa koti analovaa msibani, akasimama mbele ya kipaza sauti ambacho hakuna aliyemwonyesha namna ya kukiwasha, akaongea. Aliwaeleza malori, kona na wiki ya vinu. Hakumtukana mtu, ingawa mimi niliyekaa nyuma nilikuwa nimeshatukana kimoyomoyo.

Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake mzuri, akasema umezingatiwa, akahamia ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa rangi ya mabasi mapya ya Mkoa. Rangi ilijadiliwa karibu saa nzima.

"Umezingatiwa maana yake nini?" Janice aliniuliza kwenye basi la kurudi.

Jibu nililompa haliandikiki gazetini.

"Pale sikulia," aliniambia baadaye. "Nisingewapa raha hiyo. Nililia jikoni, Derek akadhani nimekata kitunguu."

Alasiri, shule inatoka. Watoto wanavuka mara ya mwisho, wengine wanarudi upande wa shule makusudi ili wavushwe tena. Janice anawagombeza na kuwavusha. Mama mmoja anamkumbatia. Bwana Sagar anamletea pai ya nyama, imefungwa kwa karatasi, bado ya moto.

Watu wanapokwisha, gari jeupe linaegeshwa ng'ambo. Anashuka mwanamume wa makamo, Wayne Tattersall, kibarua wa kampuni iliyopewa kazi ya kukusanya vifaa. Anasimama ukingoni mwa barabara. Saa hii ndipo machimbo yanapotoa malori yake ya jioni, moja nyuma ya jingine. Wayne anatia mguu barabarani, anarudi. Anatia tena, anarudi.

"Kwenu Carrowby mnavukaje?" Janice anamuuliza kwa sauti kutoka upande huu.

"Tuna taa," anajibu.

Janice anashusha pumzi. Anaingia barabarani, anainua kibao, malori yanasimama, na Wayne anavuka.

"Asante sana, mama. Nimetumwa nichukue..."

"Najua ulichotumwa."

Anampa kibao. Anavua koti lake la manjano, analikunja vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, anampa na hilo. Anabaki na sweta kwenye mvua. Wayne anasema pole, na naamini ilimtoka moyoni, kisha anageuka kurudi kwenye gari lake. Malori yameshaanza tena. Anasimama ukingoni, kibao kwapani, anatazama juu ya kilima, anatazama chini, mwishowe anamtazama Janice.

"Mama, samahani, ungeweza..."

"Kibao si unacho wewe?"

Wayne anakitazama kile kibao kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Hakiinui. Na yeye hajaidhinishwa.

Tunamwacha pale, tunapanda mteremko pamoja. Janice ananieleza mpango wa Jumatatu. Yeye, Bwana Sagar, na bibi yeyote mwenye miguu mizima watakuwa Barabara ya Kinu kabla ya kengele, na watavuka pamoja na watoto. Wakifika ng'ambo watageuka, watavuka tena, mfululizo, mpaka mtoto wa mwisho aingie darasani. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvuka barabara. Wataendelea hivyo hadi Carrowby watakapochoka.

Ninamuuliza kama haogopi, maana lori kwenye ule mteremko si lazima liwasimamie.

"Naogopa sana," anasema. "Tangu Jumatano silali. Lakini nikigongwa mimi, ni bibi wa miaka sitini na nne amegongwa. Wale wana miaka sita. Andika hivyohivyo, na jina langu liandike lote."