Gari Langu Haliuzwi

Asubuhi ile nililikuta gari langu limelala, nyuma limeshuka mpaka bodi inakaribia kugusa tairi. Nyuma halina springi, linabebwa na mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa ndogo. Niliwasha nikasikiliza. Kompresa kimya.

Mwanangu mkubwa aliteremka kutoka ghorofani, akatazama.

"Mama, kompresa imekufa. Nililiona jana usiku, nshazungumza na mtu, anakuja alasiri kulinunua."

"Kununua gari la nani?"

"Kwa umri wako huu, unaendesha mpaka Jambiani kufuata nini?"

"Namfuata dada yangu. Huyo mtu mwambie asijisumbue."

"Nshamwahidi."

"Basi muuzie lako."

Akaenda zake kazini. Nikavaa miwani, nikajifunga kanga kiunoni. Nilikuwa mkunga mpaka nilipostaafu, na sijapata kumtangaza mtu maiti kabla sijamgusa. Kompresa ile hakuna aliyeigusa.

Nikakagua fyuzi za chini ya usukani: zote nzima. Nikafungua boneti. Kando ya betri kuna kisanduku cheusi cha fyuzi nyingine, na ndani ya kifuniko chake mchoro wenye maandishi ya Kijapani. Nikaupiga picha, simu ikanifasiria. Nusu yake upuuzi, lakini pahala pamoja iliandika "kuning'inizwa kwa hewa". Nikacheka peke yangu. Ndiyo hiyo, fyuzi ya mifuko ya hewa! Nikafungua waya wa betri, nikaichomoa fyuzi hiyo kwa koleo. Ndani ya kidirisha chake kijiwaya kilikuwa kimeungua.

Sikuridhika; fyuzi haiungui bure. Nikaufuata waya wa kompresa mpaka nikaona ulipochubuka kwa kusuguana na bodi, shaba iko nje. Nikauzungushia utepe, nikaufunga mbali na chuma.

Dukani Darajani muuzaji alinisukumia fyuzi yenye ampia nyingi zaidi.

"Chukua hii, bibi, haiungui tena."

"Litaungua gari badala yake. Nipe kama hii niliyokuja nayo."

Alasiri, fyuzi mpya imeshakaa na waya wa betri umefungwa, mwanangu alikuja na mnunuzi wake. Nikawasha mbele yao. Kompresa ikanguruma, na nyuma ya gari ikainuka polepole.

"Mbona zima?" mnunuzi akauliza.

"Zima, na haliuzwi."

"Mama, leo limepona, kesho je?" mwanangu akasema.

"Kesho ntalitazama tena."

Nikaelekea Jambiani nikiwaacha wamesimama. Mwanangu alininunia siku kadhaa. Nilimwacha anune.